Mke wa Kuntai Atembea Nairobi

Kitengela,
13 Januari 2025

Kuntai wangu, mzee wa masikio ya mawe,

Sopa. Sasa hapo ujibu "ipa", hata kama uko peke yako na ng'ombe.

Ujue leo unaandikiwa na mtu ambaye Nairobi ameimaliza. Yote. Kila bustani, kila jumba la zamani, kila sanamu iliyosimama na iliyoanguka. Wale vijana wa kutembeza wazungu wakiniona wananisalimia kwanza.

Haya, nimedanganya. Nimefika mahali pawili tu, na pa kwanza nikapotea. Ilikuwa Jeevanjee, ile bustani ya katikati ya mji, ndogo kama shamba lako la vitunguu. Niliingia na lango moja nikatoka na lingine, nikaanza kuuliza watu Nairobi iko upande gani. Ruth alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nimezeekea hapa Kitengela, taa za Nairobi naziona kutoka mlangoni! Lakini Nairobi yangu ilikuwa soko la Wakulima na kabeji zangu, benki, ofisi ya ardhi, na mochari. Virginia wangu alikuwa ananiambia, "Githinji, siku moja twende tutembee tu, bila gunia." Namjibu mtu mzima hatembei bila gunia. Sasa mwaka umepita tangu tumzike, na mimi natembea bila gunia, tena na mke wa mtu.

Usikunje uso, ni wako.

Ni hivi. Ile mashine ya miale ya kuchoma ugonjwa haichukui hata muda wa kuchemsha chai. Ruth analala hapo, inalia kidogo kama mbu, nesi anasema, "Mama, mpaka kesho." Siku ya kwanza tulirudi Kitengela asubuhi bado mbichi, tukakaa tukiangaliana kama kuku walionyeshewa. Siku ya pili Ruth akasimama kwa lango la hospitali akasema, "Baba Njuguna, mimi sirudi kukaa. Huu mji ni sisi tuliupatia jina. Enkare nairobi, maji baridi. Babu zangu walinywesha ng'ombe hapa. Nataka kuona hayo maji kabla sijaenda nyumbani." Nikamwambia maji ya Nairobi, hata yakiwa baridi namna gani, asionje.

Kwa hivyo tunatafuta. Arboretum kuna kijito kinapita chini, kinanuka sabuni. Ruth akasema si hicho. Lakini miti aliipenda. Unajua kila mti umepigiliwa kibati chenye jina lake? Wamepigilia hata oloirien, ule mnasafishia vibuyu, wakauandikia jina refu la kanisa Katoliki. Ruth akaupiga kofi kama mtoto wa jirani: "Wewe, hata huku wamekuleta?" Mimi nikasema kwetu huo ni mutamaiyu. Tukabishana hapo nani aliujua kwanza, mpaka mlinzi akafikiria tunagombania shamba.

Sasa lile la maana. Daktari anasema wakimaliza kuchoma wataamua kama watamkata. Ruth amesema hakatwi na mtu mpaka wewe uje umtemee mate ya baraka kichwani. Nikamwambia daktari yuko na digrii. Akaniambia digrii si mate. Kwa hivyo jipange.

Barua inakuja na Morgan, yule wa lori ya vitunguu, ataiacha dukani Rombo. Simu najua huko juu hakuna netwaki, na hata ingekuwako, wewe sikio lako linasikia ng'ombe tu.

Ni mimi, darasa la nne bila cheti,
Githinji

*

Malishoni, juu ya Rombo,
24 Januari 2025

Githinji,

Ipa. Nimejibu peke yangu kama ulivyosema. Ng'ombe mmoja akageuka.

Barua yako Katoo, kijana wangu wa kuchunga, aliileta pamoja na unga. Nilisoma mimi mwenyewe, polepole, na miwani ile ya kamba. Kwako jina la Ruth ni kama chumvi, liko kila mahali. Ni vizuri. Nilikuwa naliona nikisonga mbele.

Huku kiangazi ni kikali. Nyasi zimebaki kama nywele zako. Ndama wawili wameanguka, na ile ng'ombe nyeusi ya Ruth inasimama ikisaidiwa. Asubuhi mimi na Katoo tunaishika, mmoja mkia, mmoja pembe. Usimwambie Ruth. Mwambie imenona.

Hilo la kutembea limenishangaza. Ruth hakuniomba kutembea hata siku moja. Ama aliomba na mimi sikusikia.

Mwambie baba yangu alisema maji yenyewe yalikuwa kwa dimbwi lenye mafunjo, chini, pale reli ilipowekwa. Wazungu waliweka reli juu ya maji. Sijui kama yamebaki.

Kuhusu kukatwa: ukiandika "njoo", nitakuja. Ng'ombe zitabaki na Katoo. Yeye mwenyewe anaogopa fisi, lakini zitabaki naye. Mate ninayo. Huku hakuna maji mengi lakini mate ninayo.

Ashe oleng kwa kumtembeza. Wewe ni Mkikuyu mzuri, na hao ni wachache.

Kuntai

*

Kitengela,
7 Februari 2025

Kuntai,

Naandika haraka, Morgan ameegesha lori barabarani na anapiga honi kama ana harusi.

Tulienda pale ulisema, pa reli. Kuna nyumba wameweka magari ya moshi ya zamani, meusi, makubwa kama kanisa. Unaruhusiwa kupanda. Kuna behewa moja ambalo wanasema simba aliingia usiku akamtoa mzungu aliyekuwa amelala akimvizia. Wako alisema mzungu ndiye alikuwa na makosa, kwa nini alale akiwinda. Nyuma ya hapo ni majani na mabati. Mafunjo hayapo. Dimbwi halipo. Alisimama hapo muda mrefu.

Siku ingine tulienda City Park. Miti ya huko ni mikubwa, ndani ni giza mchana. Tumbili alininyang'anya chapati mkononi, akapanda nayo juu, akaanza kuila akiniangalia vile afisa anakuangalia. Kuna makaburi huko ndani, ya watu wakubwa na wasio wakubwa. Tulipita tu.

Halafu kuna jumba la mawe karibu na Nyayo House. Zamani za mzungu, ukizaliwa unaandikwa hapo, ukioa hapo, ukifa hapo. Leo wameweka picha za kuchorwa. Nje ndipo penye sifuri. Kilomita zote za Kenya zinaanzia hapo kuhesabiwa, hata zako za Rombo. Nilisimama kwa sifuri yenyewe. Nilifikiri nitasikia kitu. Sikusikia. Tangu mwaka jana nimekuwa hivyo, unaweza kunichoma na msumari nikakuuliza saa ngapi.

Alipenda hapo. Alisema ni vizuri kujua mahali mtu anaanzia.

Kuntai, ile siku imefika. Njoo. Uwe hapa kabla ya tarehe ishirini na tano. Mengine sitaki kuyaandika, hii karatasi inapita mikono ya watu. Lete ile shuka yake nyekundu.

Njoo kwanza. Utaambiwa hapa.

Githinji

*

Malishoni,
22 Februari 2025

Githinji, rafiki yangu,

Nimepata barua.

Nilitafuta jina. Katika barua ya kwanza lilikuwa kila mahali, katika hii halipo hata mahali pamoja. Nilisoma mbele na nyuma. Nikampatia Katoo, yeye amesoma kunishinda. Akasoma, akanirudishia, akaenda kuangalia ng'ombe ambazo zilikuwa zimelala.

Nikaelewa. Sikujua kama wewe unajua hiyo adabu yetu, kwamba aliyeenda jina lake linakaa kimya. Nimekushukuru. Mkikuyu mwingine angeliandika kwa wino mwekundu.

Katoo alininyoa kesho yake asubuhi. Wembe haukuwa mkali. Nilivua ule ushanga wa mkononi, ule unaoufahamu, nikaufukia. Sikulia. Nilikamua ng'ombe. Maziwa yalitoka kidogo, nikayamwaga, nikaona nimefanya ujinga, paka hakuna huku.

Unasema nije kabla ya ishirini na tano. Sitakuja, Githinji. Usinielewe vibaya. Kwetu zamani hatukuwa na shimo na watu kusimama na vitabu. Najua sasa ni kanisa, na watoto watataka iwe hivyo. Fanyeni. Wewe simama mahali pangu. Nikiteremka nitapata udongo. Nikikaa huku, bado sijapata kitu. Ng'ombe zinataka maji asubuhi, zinataka maji jioni, ni hivyo tu.

Shuka nyekundu nimempa Katoo ailete dukani, Morgan ataibeba. Afunikwe nayo.

Ile ng'ombe nyeusi ilisimama leo yenyewe.

Kuntai

*

Kitengela,
3 Machi 2025

KUNTAI!

Nimeandika kwa herufi kubwa ndiyo usiseme miwani.

RUTH. Ruth. Ruth mke wa Kuntai. Mama Seleyian. Ruth yuko hapa jikoni kwangu, amekaa na mto tumboni, ananiambia kalamu naishika kama mwiko. Hajafa! Nani alikuambia amekufa? Mimi? Mimi nilikuambia simba alikula mzungu!

Barua yako ilifika Jumamosi pamoja na shuka. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Nikaisoma tena. Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu mwaka jana: nikacheka, na nikashindwa kusimamisha, na mwisho haikuwa kicheko. Shiro, mke wa Njuguna wangu, akakuja mbio akifikiri nimepata stroku.

Sasa nisikie, kwa sababu jina hilo ni mimi nililitoa na si kwa adabu yenu. Hapa kanisani watu walianza. Mzee Githinji ameonekana Arboretum na mwanamke wa shanga. Mzee Githinji ameonekana akilishwa chungwa. Shiro aliniita kando: "Baba, mimi najua ni mgonjwa, lakini watu hawajui." Nikaona barua zenyewe zinakaa kwa kaunta ya duka Rombo wiki nzima, kila mnunuzi wa sukari anazipapasa. Nikasema jina la mke wa mwenzangu nitaliacha, nimlindie heshima. Na hiyo operesheni yenyewe ni ya tumbo la uzazi, Kuntai. Mimi nikuandikie wewe habari ya tumbo la uzazi la mke wako? Na mkono gani? Ndiyo maana nikasema utaambiwa hapa. Nililinda heshima mpaka nikamuua mtu.

Na wewe pia! Mtu anasoma barua haina jina, ananyoa? Ungeteremka Rombo ukaazima simu hata ya mchuuzi. Seleyian wako anaongea na mamake kila jioni. Lakini nimesoma vile umesema kuhusu udongo. Hapo sina la kukucheka. Mimi pia nilikaa chumba cha nyuma siku tatu Virginia akiwa mochari, nikipanga kabeji.

Wacha nikueleze ilivyokuwa. Tarehe ishirini na tano ilifika, wewe hukufika. Ruth alikuwa amekataa kuvaa ile nguo yao ya kijani. Aliniambia tuangalie lango. Tukaangalia lango. Kila mzee mrefu akiingia ananigusa, "Si huyo?" Mmoja alikuwa Msomali. Nesi akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, mara ya tatu akasema daktari ataenda kwa mwingine na nafasi ingine ni mwezi wa tano. Ruth akaangalia lango mara ya mwisho. Halafu akasema, "Baba Njuguna, wewe umekaa na yeye tangu soko la Kisaju, mkiuziana mbuzi vipofu. Mate yenu si yameshachanganyika kwa vikombe?" Akainamisha kichwa.

Kuntai, mdomo wangu ulikuwa mkavu kama gunzi. Nilijaribu, ikatoka hewa. Nesi akaniletea maji kwa kikombe cha plastiki akifikiri nataka kuzimia. Nikanywa, nikatema. Nikasema, "Hii ni ya Kuntai." Nesi akapiga kelele, kumbe nilimpata na yeye kiatuni. Ruth akapanguza uso akasema, "Hayo maji yalikuwa baridi." Akavaa kijani akaingia.

Alikaa huko ndani mpaka jua likaondoka dirishani. Alitoka akiwa hai.

Mwenyewe anataka kalamu. Nampa.

Kuntai. Mimi ni Ruth. Sijafa. Nimesikia umeninyolea. Sijawahi kusikia mwanamke ambaye mumewe amemnyolea na yeye bado anakula ndizi. Ng'ombe yangu najua haikunona, Katoo alimwambia Seleyian. Sikuwa na hasira siku ile langoni, nilikuwa tu naangalia. Hasira imekuja baadaye kidogo. Njoo niitoe ukiwa hapa. R.

Umesikia. Morgan anaondoka.

Githinji

*

Rombo,
10 Machi 2025

Githinji,

Katoo alikuja mbio na barua, akaanguka mara mbili. Nilifikiri ni fisi.

Niliteremka siku hiyo hiyo. Nimekaa hapa dukani Rombo na simu ya mwenye duka. Seleyian alifika, akampigia mamake, akaniwekea sikioni. Sikusikia maneno. Nilisikia sauti tu. Ilitosha.

Sasa kichwa changu ni yai. Wazee hapa wananiangalia. Wamesema yule aliyeombolezwa kwa kunyoa amehesabiwa na waliokwenda, na si vizuri aliyemnyolea aingie kwake hivi hivi. Nichinje kondoo dume, nimpake mafuta yake, halafu nimwite kwa jina mlangoni, aitike. Asipoitika nisiingie.

Ushanga nimefukua. Uzi umeoza.

Ana hasira kiasi gani? Sema ukweli. Naogopa kuita asiitike.

Nitapanda na Morgan na kondoo Ijumaa ya wiki ijayo.

Kuntai

*

Kitengela,
15 Machi 2025

Kuntai, kichwa cha yai,

Hasira yuko nayo ya kadiri. Jana alikula sahani mbili akisema mimi ndiye nilipaswa kuandika vizuri, na nusu ya ile ya pili alisema ni makosa yako. Ataitika. Lakini atakuacha uite kwanza mara mbili hivi, jipange koo.

Wacha nisikudanganye kwa lingine. Daktari hakusema amepona. Alisema walitoa walichoweza kuona, na mengine ni kungojea. Nilimuuliza kungojea mpaka lini, akasema, "Mzee, tungojee tu." Ruth alisikia. Alisema kama ni kungojea, hataki kungojea kitini. Anataka mkitoka hapa muende Karura, kuna msitu na maporomoko ya maji ndani, hatukufika kwa sababu mguu wake ulivimba. Mnaenda polepole, kuna benchi. Mimi siji. Nimekutembezea vya kutosha, sasa tembeza wako.

Mlango wa kuitia utakuwa wangu, huo wa mbele. Kondoo Shiro amesema achinjiwe nyuma, si kwa maua yake.

Kwa hiyo kazi ya kumtembeza, hujaniuliza nataka nini. Nitakuambia. Virginia alikuwa anakuwekea chai yenye majani mengi, na wewe mlikuwa mnataniana mpaka mimi nikaona wivu. Tangu afe hujamtaja. Hata barua moja. Mazishini ulisimama nyuma, ukaondoka. Nilifikiri umemsahau, Kuntai, nikakaa nayo hiyo mwaka mzima, haikuniuma, hakuna kilichoniuma. Sasa kwa barua yako nimejua ni heshima ulikuwa unampa.

Asante. Lakini mimi si Mmaasai, na hapa nyumbani hakuna mtu wa rika letu wa kulisema jina lake. Shiro anasema "marehemu". Njuguna anasema "mathe".

Ukishamaliza kumwita Ruth na ameitika, na mafuta yamekauka, kuja kwangu hapa nje. Sitakuomba kwa sauti kubwa. Sema Virginia. Mara moja, vile ulikuwa unaita ukitaka sukari iongezwe. Kama ni mwiko sana, nipe mgongo, useme ukiangalia barabara.

Mimi Githinji